Mbwa Sita wa Hadithi za Upelelezi, Kuanzia Mlalaji Hadi Bingwa

Kuna riwaya za upelelezi ambazo mtu anauawa ukurasa wa kumi, na ukifika wa mia bado unatamani kuhamia kijiji kile. Damu haitapakai, chai haikosekani, na miguuni pa mpelelezi kalala mbwa. Leo tunawahukumu mbwa tu. Kipimo ni kimoja: ukimtoa mbwa, kesi inasimama au inaanguka? Scooby-Doo hayumo, yeye ni wa katuni. Mashabiki wake mnaweza kuanza kununa sasa hivi.

6. Asta
Mbwa wa Nick na Nora Charles katika *The Thin Man* ya Dashiell Hammett (1934). Kitabuni ni jike aina ya schnauzer. Filamu ikatoka mwaka uleule, na Asta akageuka dume aina ya terrier. Mabadiliko yote hayo, na hakuna mpelelezi aliyefungua jalada! Mtoe, kesi inasimama wima. Hukumu: mpambe wa sherehe.

5. Timmy
Waliokulia kwenye maktaba za shule Nairobi na Dar es Salaam wanamjua huyu wa Enid Blyton, aliyeanza kazi mwaka 1942 na kudumu vitabu 21. Mtoe Timmy, kundi la Watano Mashuhuri (watoto wanne na yeye) linabaki na wanne, na mchapishaji anahangaika kutafuta jina jipya.

4. Bob
Katika *Dumb Witness* ya Agatha Christie (1937), bibi tajiri anaporomoka ngazini usiku, na lawama zote zinauangukia mpira wa mbwa wake, Bob. Familia nzima imejaa watu wenye hamu ya urithi, lakini mshukiwa wa kwanza ni yule asiyejua hata benki ni nini. Hercule Poirot anamsafisha jina. Christie mwenyewe alikitabaruku kitabu hicho kwa mbwa wake, Peter, kwa hiyo hakimu alikuwa na upande tangu mwanzo. Namuunga mkono.

3. Toby
Sherlock Holmes anamwazima katika *The Sign of Four* (1890). Ni chotara mwenye mwendo wa bata, lakini pua yake Holmes anaiamini kuliko polisi wote wa London. Mhalifu mmoja amekanyaga kreosoti, ile dawa nyeusi ya kuhifadhia mbao. Toby anaifuata harufu mtaa kwa mtaa, anawavuta mabwana wawili jiji zima, kisha anasimama kwa fahari mbele ya pipa la kreosoti. Msicheke. Aliagizwa kreosoti, akaleta pipa zima. Na waliporudi pale njia mbili za harufu zilipogawana, aliwafikisha hadi mto Thames.

2. Mbwa asiyebweka
Hana hata jina. Katika hadithi fupi ya *Silver Blaze* (1892), farasi wa mashindano anatolewa zizini usiku, na mbwa aliyekuwa mlemle ndani hatoi sauti. Holmes anang'amua kwamba aliyeingia alikuwa mtu ambaye mbwa alimzoea. Huyu ndiye mfanyakazi pekee aliyepata umaarufu wa dunia kwa kutofanya kazi aliyowekewa. Mbona si wa kwanza? Kwa sababu akili ilikuwa ya Holmes. Mbwa alinyamaza tu.

1. Chet
Naam, Chet, na sirudi nyuma. *Dog On It* ya Spencer Quinn (2009) inasimuliwa na mbwa mwenyewe. Masikio yake hayafanani, na mafunzo ya mbwa wa polisi yalimshinda dakika za mwisho, paka akihusika. Bosi wake, Bernie Little, ni mpelelezi binafsi wa Marekani mwenye kichwa kizuri na mfuko mtupu, aliyezamisha fedha zake kwenye suruali za Kihawaii. Chet haoni tatizo. Kwake Bernie ndiye mtu mwerevu kuliko wote duniani.

Na hapa ndipo anapowapita wenzake wote. Chet anaijua harufu ya mhalifu mapema, lakini hawezi kusema, na mara nyingi anasahau katikati ya sentensi kwa sababu kuna kipande cha nyama chini ya kiti. Msomaji unajua, mbwa anajua, Bernie hajui, na huna pa kupiga kelele. Mtoe Chet na hakuna kesi, hakuna kitabu, hakuna hata sentensi ya kwanza.

Sisi tuna Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetatua mafumbo Zanzibar kwa kiko chake na sahibu yake Najum, na bila mbwa hakupungukiwa kitu. Lakini waandishi wa leo, mitaa yetu imejaa mbwa waitwao Simba wanaomjua kila apitaye saa nane za usiku. Mpeni mmoja riwaya. Na wewe unayeona Toby ameonewa, lete hoja, Chet habanduki.