Muulize Bi Mteremko: Mlima Haujui Mkwe

Baridi ya Omani imeingia na barua zimenijaa mezani. Mwaka huu kila mwenye jamaa Maskati anaona kunywa kahawa na kula halwa barazani hakutoshi. Lazima familia nzima ipandishwe mlimani, na ikishuka iniandikie mimi. Haya, tuanze.

Shikamoo Bi Mteremko. Mimi ni baba wa watoto watatu, mkazi wa Tabata. Tuko Maskati kwa binamu yangu. Nilikodi gari dogo la bei poa, nikawaahidi watoto Jebel Akhdar. Pale Birkat al-Mauz askari wa kizuizi akalitazama gari, akanitazama mimi, akanionyesha njia ya kurudi. Watoto waliona kila kitu. Nifanyeje wanione baba tena?
*Nimegeuzwa*

Marahaba baba. Askari hakukuonea. Barabara ile ina lami safi, ndiyo maana watu hudhani ni ya kila gari. Sheria inataka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kubwa linalohofiwa si kupanda. Gari likichoka kupanda husimama, mkashuka mkapiga picha. Balaa ni kuteremka: ukizikanyaga breki kilomita baada ya kilomita zinapata moto, zikipata moto hazishiki, na zisiposhika mtafika chini mapema kuliko mlivyopanga. Badili gari, teremka na gia namba moja au mbili, na breki uzitumie kwa kubania kama mafuta ya kula mwisho wa mwezi.

Ama heshima yako, jina Birkat al-Mauz maana yake ni dimbwi la ndizi. Watembeze watoto kwenye mashamba ya mitende na migomba ya hapo chini, wauone mfereji wa falaji ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006, maji yake yakipita kimya kimya. Waambie huko ndiko ulikokuwa ukiwapeleka tangu asubuhi. Hawatakuamini, lakini watatembea.

Bi Mteremko, mama mkwe wangu ana miaka 66. Twaenda Jebel Shams, njia ile ya ukingoni mwa korongo, naye kasema haachwi. Kavaa ndara, na kabeba hotpoti ya biriani ya watu tisa. Nasema kabeba, lakini mbebaji ni mimi. Nimwambieje bila kuvunja ndoa?
*Mkaza Mwana, Likoni*

Mwanangu, usimwambie kitu. Mtangulize mbele.

Njia hiyo yaanzia Al Khitaym na kuishia As Sab, kijiji kilichohamwa zamani. Ni kama kilomita nne kwenda, sehemu kubwa tambarare. Mwendo wa mama mkwe ni saa mbili, na mwendo wa mama mkwe ndio mwendo wenu. Kinachotisha ni upande mmoja tu: korongo limekatika chini kiasi cha mita 1,000, na ukingoni hakuna ukuta wa kuegemea.

Familia nyingi hukosea hapa. Wenye mbio hutangulia, wazee na watoto hufuata. Wa mbele wakichoka hukaa kivulini kuwasubiri wenzao. Wenzao wakifika wanahema, wa mbele huinuka, "Haya, twende!" Basi aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika hata mara moja, kisha akinuna mwashangaa. Mama akiongoza, mwapumzika wote pamoja, na hakuna kijana atakayethubutu kumpita kando ya genge. Watoto wadogo washikwe mkono, nao wapite upande wa jabali.

Mvalishe raba zenye meno. Ndara azitie mkobani, mwambie ni za kuingilia kijijini, maana mgeni wa heshima haingii kwa watu na viatu vya njiani. Hotpoti ibaki garini. Njiani chukueni maji na tende. Biriani ikiwangoja garini, hamtakuwa na haja ya kubembelezana kurudi.

Bi Mteremko, salamu. Tulianza kutembea saa tano asubuhi, watu watano na chupa tatu ndogo za maji. Kila nikimuuliza mume wangu kama tumekaribia, anajibu, "Bado kidogo." Tangu tushuke hatuzungumzi.
*Koo Kavu, Kigamboni*

Pole mama. "Bado kidogo" ni kipimo cha umbali kinachotumiwa na wanaume kutoka Kigamboni hadi Jebel Shams, na urefu wake anaujua mwenye kukitamka peke yake. Huwezi kukishinda mkiwa njiani. Kishinde nyumbani, usiku wa kuamkia safari, kwa kupanga saa ya kugeuka. Ipangeni mbele ya watoto, maana mtoto hasahau ahadi.

Desemba jua la Omani huzama kama saa kumi na moja na nusu jioni, na penye milima mirefu kivuli hutangulia. Anzeni saa moja asubuhi. Kila mtu mzima abebe lita tatu za maji. Kule msitarajie duka wala bomba. Maji yakifika nusu, geukeni, hata kama kijiji kinaonekana. Sweta pia: kila mkipanda mita 1,000, joto hupungua kama nyuzi 6, na pale mnapoanzia ni karibu mita 2,000. Mliotoka Maskati mkitokwa jasho mtafika mkitetemeka. Na ikitabiriwa mvua, msishuke kwenye wadi, yale mabonde ya mito mikavu, kwani maji huja kwa kishindo kutokana na mvua msiyoiona.

Amri moja ya mwisho, iandikeni mlangoni: anayesema "turudi" haulizwi sababu. Mumeo naye ana siku yake ya kuihitaji, ila hatasema wa kwanza. Anzisha wewe mazungumzo. Yeye atabeba maji.

Shikamoo Bi. Mimi niko darasa la nne. Tulitembea mpaka dada akalia, halafu tukarudi pale pale kwenye gari. Mbuzi alikula sambusa yangu pamoja na karatasi. Kwa nini tulikwenda?
*Sambusa, Unguja*

Marahaba mjukuu wangu. Wakubwa hawathubutu kuuliza hivyo, kwa kuwa wameshalipa nauli.

Nikunong'oneze kitu. Hiyo As Sab ninayowaelekeza watu, mimi sijafika. Kwenye kona ya tatu goti langu liligoma, nikakaa juu ya jiwe. Binti yangu, ambaye akinipigia simu huwa na haraka kama mwenye deni, akakaa nami. Tulimwangalia mbuzi mmoja akishuka genge pasipo na pa kuweka hata kidole. Akaniuliza mambo ya baba yake ambayo hajawahi kuniuliza, nikamjibu mpaka chai ikapoa. Wenzetu waliofika walirudi na picha za nyumba zilizojengwa chini ya mwamba na makonde yaliyopangwa kama ngazi. Nzuri sana, lakini ningeulizwa leo nyumba zilikuwa ngapi, nisingeweza kusema. Yale ya kwenye jiwe nayakumbuka yote.

Muulize dada yako alipolia alibembelezwa na nani, ukaandike hapo jibu lako.

Na huyo mbuzi, kama ana doa jeupe sikioni, namfahamu. Alianza na mandazi yangu.