Aliyechagua Apigiwe Simu

Chukua kompyuta ambayo lugha yake haijaguswa tangu itoke kiwandani, fungua Word, uandike tangazo la kikao cha shule: "Tunaomba wazazi wote mkae kwenye madarasa ya watoto wenu." Ukigonga kitufe cha nafasi baada ya "mkae", neno linageuka "make". Ndani ya Word mna orodha ya makosa ambayo vidole vya waandishi wa Kiingereza huyafanya vikiwa na haraka, na wewe umehesabiwa miongoni mwao bila kuulizwa. Tangazo likifika steshenari, printa inanyamaza na taa yake inapepesa. Karatasi imo tele, ila ni A4, na waraka umepangwa kwa ukubwa uitwao Letter, mpana kidogo na mfupi kuliko A4, unaotumika Marekani na Kanada, ambao dukani hapo hakuna aliyewahi kuuona. Kijana wa steshenari hashtuki. Anabonyeza kitufe anachokijua yeye, karatasi inatoka huku herufi za pembeni zikining'inia ukingoni, na wazazi wote wanaombwa "make". Cha kuchekesha ni kwamba katika mkasa wote huu hakuna kilichoharibika. Word imefanya kazi yake na printa imefanya yake. Kila kitu kimekwenda kama kilivyochaguliwa, isipokuwa aliyechagua hakuwa wewe wala kijana wa steshenari, na sidhani kama shule yenu ilimpitia kichwani siku alipochagua.

Kitu hiki huitwa chaguo-msingi: kile ambacho kompyuta hukifanya, au programu inayofunguka, mpaka mtu aiambie vinginevyo. Mfumo endeshi wa kompyuta ya mezani ni rundo la machaguo ya namna hiyo: kivinjari kipi, kicheza muziki kipi, kamusi ya lugha gani, picha gani nyuma ya ikoni. Ukilalamika utajibiwa mara moja na mtu anayejua kompyuta, tena kwa sauti ya huruma: si ubadilishe tu kwenye mipangilio? Kweli, mipangilio ipo. Lakini basi atueleze ya Google. Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba kampuni hiyo ilihodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na katika kesi hiyo ilifichuka kwamba mwaka 2022 pekee iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe chaguo-msingi kwenye kivinjari cha Safari. Dola bilioni 20 kwa kitu ambacho kila mwenye simu au kompyuta ya Apple anaweza kukibadilisha kwa vidole viwili akisubiri chai ichemke. Kampuni inayojua kuhesabu kiasi hicho hailipi fedha hizo kwa ajili ya wale watakaobadilisha. Inawalipia wasiobadilisha, yaani sisi tuliobaki. Na hapo sijamtaja mtumishi wa ofisi ambaye angependa sana kubadilisha, ila nywila ya kompyuta anayo mtu wa IT, na mtu wa IT yuko likizo Tanga.

Sasa, wanaochagua ni akina nani? Kwa mifumo ya makampuni makubwa hatuoni ndani. Kwa mifumo huria, kama Debian na Ubuntu, mijadala hufanyika mlango wazi, na anayeisoma haachi kucheka. Mwanzoni mwa mwaka 2014 kamati ya ufundi ya Debian yenye watu wanane ilipiga kura kuchagua programu ya kuuamsha mfumo, ile inayotangulia kuwaka kisha ikaziamsha nyingine. Mtumiaji wa kawaida haioni maisha yake yote. Kura zikagawanyika nne kwa nne kati ya systemd na Upstart, mwenyekiti Bdale Garbee akalazimika kuamua kwa kura yake ya turufu upande wa systemd, na waliokasirika wakajitenga kuanzisha mfumo wao, Devuan. Ni kamati ya harusi kabisa: watu wanakesha wakigombania rangi ya vitambaa vya viti, hadi wengine wanajiuzulu, na kati ya wote hao hakuna bwana harusi wala bibi harusi. Ubuntu nao, katika toleo la Aprili 2010, walihamisha vitufe vya kufunga dirisha kutoka kulia kwenda kushoto. Watu walipopiga kelele, mwasisi wake, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, alijibu bila kuzunguka kwamba mambo hayo hayaendeshwi kwa demokrasia. Vitufe vilirudi kulia mwaka 2017, toleo la Oktoba, bila maandamano.

Toleo hilohilo la 2010 liliondoa GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa hoja kwamba mtu wa kawaida haihitaji. Waliokasirika wakakasirika kweli, na tazama ni nani: watu wanaoweza kuirudisha kwa kuandika mstari mmoja. Hapo ndipo ninapoona ugonjwa wenyewe. Wanaobishana zaidi juu ya chaguo-msingi ni wale lisiowahusu, kwa sababu siku ya kwanza tu watalibadilisha. Anayehusika kwelikweli ni yule ambaye hatalibadilisha kamwe, na huyo kikaoni hayupo, wala hajui kwamba kikao kipo. Kwa miaka mingi mtu aliyeweka Ubuntu kwa mara ya kwanza na kubofya wimbo wa MP3 hakusikia kitu, kwa sababu teknolojia ya MP3 ilikuwa chini ya hataza, na waandaaji hawakutaka kesi. Sababu yao ilikuwa nzuri na ya kisheria. Yeye alichokiona ni kompyuta inayojua kutuma barua hadi Norway lakini haijui kuimba taarabu. Mengine hayana hata kisingizio cha sheria. Kuna kihariri kiitwacho Vim, ambacho katika mifumo mingi hufunguka chenyewe pale mtu asipokitarajia. Mwaka 2017 tovuti ya Stack Overflow ilitangaza kwamba swali la jinsi ya kutoka ndani ya Vim lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja. Kutoka, jamani, si kuandika.

Hoja yangu basi ni hii: chaguo-msingi lichaguliwe na yule atakayepigiwa simu likileta balaa. Mtu wa namna hiyo tunaye. Ni fundi wa kompyuta, wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, anayeletewa mashine asubuhi "aipige Windows" na kuirudisha jioni. Fundi haitishi kikao. Baada ya mfumo anaweka Chrome, VLC, WinRAR na kitu cha kusomea PDF, kila mara vilevile, kwa mashine ya mwanafunzi na ya mchungaji. Ukimuuliza sababu atasema "ndizo nzuri". Sababu halisi ni kwamba kila programu katika orodha yake imepita mtihani mmoja: mteja hakurudi. VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris. Imebeba ndani yake vifaa vya kufungulia karibu kila aina ya video na muziki, kwa hiyo flashi yenye filamu iliyorekodiwa vibaya, mahubiri na video ya send-off vyote vinafunguka, na simu ya fundi haiiti saa tatu usiku. WinRAR hudai ni ya kujaribu kwa siku 40. Siku ya 41 hukukumbusha kulipa, kisha inaendelea na kazi, tabia ambayo fundi yeyote wa Afrika Mashariki anaielewa na kuiheshimu. Hakuna kamati iliyowahi kumjua mtumiaji kwa undani huo, na si kwa sababu fundi ana akili kuliko wao. Lawama zina anwani yake.

Najua nitakachoambiwa. Fundi huyohuyo ndiye anayeweka Windows ya wizi, na ndiye anayezima masasisho ili yasimalize bando. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani, kiliingia kwenye mashine ambazo hazikuwa na kiraka ambacho Microsoft ilikwisha kukitoa tangu Machi. Pingamizi hili lina nguvu na silipuuzi. Simu hupigwa kwa tatizo linaloonekana. Kwa hatari inayokuja kimyakimya, simu huja wakati faili zimekwisha kufungwa na wezi wanadai fidia. Basi usalama waachiwe wanakamati, wakeshe nao wanavyotaka. Huko ukali wao una faida. Ninachobishia ni vile vitu vingine, kicheza muziki, karatasi, kamusi, vitufe, ambavyo madhara yake hujulikana ndani ya dakika tano na mtu wa karibu zaidi, na bado huamuliwa na mtu wa mbali zaidi.

Wengine watasema dawa ni kumuuliza mtumiaji mwenyewe. Ulaya walijaribu, tena mara mbili, na nashukuru kwa burudani. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliipiga Microsoft faini ya euro milioni 497, na pamoja na mengine iliitaka iuze Windows isiyo na kicheza muziki na video chake, mtu ajichagulie. Toleo hilo, Windows XP N, lilitoka kwa bei ileile ya Windows yenye kila kitu. Wanunuzi walifanya hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la pili angeifanya, wakaliacha rafuni. Mwaka 2010 ukaja kiooni ukurasa wa kura: vivinjari 12, vitano vikubwa vikitangulia, vikichanganywa bila mpangilio ili asipendelewe mtu. Uchanganyaji ulikuwa na kasoro, na kwa kasoro hiyo Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft yenyewe, kilijikuta mkiani mwa vile vitano takriban nusu ya mara zote. Wakairekebisha. Kisha sasisho moja la Windows 7 likausahau ukurasa wenyewe kwa miezi 14, kati ya 2011 na 2012. Microsoft ikasema ni hitilafu ya kiufundi, na mwaka 2013 ikatozwa euro milioni 561. Tuseme hata hivyo kwamba ukurasa ungefanya kazi bila dosari. Mtu amenunua kompyuta kuandika barua ya mkopo, anaonyeshwa majina 12 ambayo mengi hajawahi kuyasikia, na anaambiwa hii ndiyo hiari. Atabonyeza lile lenye rangi anayoipenda. Kumuuliza mtu jambo asilolijua ni njia ya adabu ya kumtupia lawama mapema.

Pingamizi lililo gumu zaidi kwangu ni kwamba chaguo-msingi baya hufa lenyewe. Internet Explorer ilikuwa kwenye kila Windows na bado Chrome iliishinda. Mwaka 2021 wakili wa Google aliiambia mahakama ya Ulaya kwamba neno linalotafutwa zaidi ndani ya Bing, mtambo wa utafutaji wa Microsoft, ni "Google". Kwa hiyo watu si mazuzu. Wakibanwa sana huhama. Nakubali. Lakini angalia wanakohamia: wanatoka kwenye chaguo-msingi la tajiri mmoja kwenda kwa tajiri mwingine aliyekuwa na ukurasa wa kwanza wa intaneti wa kujitangazia. Programu ndogo ya wanafunzi haiwi na ukurasa huo, labda ipate fundi. Na kuna wakati watu hawana pa kuhamia kabisa, hata wakiwa na shahada tatu.

Wataalamu wa jeni ni mfano. Jeni za binadamu zina majina mafupi, na baadhi yaliandikwa SEPT1 na MARCH1. Excel ikiona majina hayo huyageuza kuwa tarehe, Septemba mosi na Machi mosi, kwa sababu kuna mtu aliyeamua kwamba anayeandika hivyo bila shaka ni mhasibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uligundua kwamba takriban moja ya tano ya makala za kisayansi zilizoambatanisha orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa ya aina hiyo. Watu wanaosoma chembe za urithi wakashindwa na jedwali la mahesabu. Hawakuwa na namba ya kupiga, kwa hiyo mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya, na jeni zipatazo 27 zikawa zimebadilishwa majina: SEPT1 ikawa SEPTIN1, MARCH1 ikawa MARCHF1. Ilikuwa rahisi kuubatiza upya mwili wa binadamu kuliko kuigusa Excel. Mwaka 2023 hatimaye Microsoft waliongeza mahali pa kuzima ugeuzaji huo. Pako ndani ya mipangilio, na usipopagusa, Excel inaendelea kugeuza.