Sifa za Kosa Lijalo na Kutoweka

Miongoni mwa masaibu yanayompata mwanagenzi wa kuunda programu za wavuti, hakuna lililolaaniwa sana na kusifiwa kidogo kama kosa la fahirisi, yaani hitilafu inayotokea pale programu inapodai kutoka katika orodha kitu cha nafasi isiyokuwapo. Na katika jamii ya makosa hayo, lenye daraja ya juu kabisa ni lile lisilotokea kila mara, ambalo humwachia mtumiaji ukurasa wake asubuhi nzima, kisha likamtupia ghafla hitilafu ya 500, namba ambayo kwayo seva hukiri kwamba imeshindwa yenyewe na mgeni wake hana hatia.

Kwa nasaba, kosa hili ni la ukoo mkubwa. Lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa hadharani mwaka 1991, huhesabu nafasi za orodha kuanzia sifuri, hivyo orodha yenye vitu kumi huwa na nafasi ya 0 hadi ya 9, na anayeomba nafasi ya 10 ameomba hewa. Utaratibu huo si wa kubahatisha, kwani mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, aliuandikia waraka wa utetezi mwaka 1982. Miaka mitatu baadaye mtaalamu wa kompyuta Jim Gray, akichunguza sababu za kompyuta kusimama, alitenga hitilafu zinazojirudia kila zinapochokozwa na zile zinazotoweka mara tu zinapochunguzwa, na hizi za pili zinabeba jina la mwanafizikia Heisenberg, heshima ambayo mabano yaliyosahauliwa kufungwa hayataipata kamwe.

Sifa yake kuu ni haya kwa wageni. Mwanagenzi anapomwita mwalimu, kosa hutulia mithili ya mtoto mtukutu aliyeona mgeni akiingia, na wengi hulidhania uchawi, ilhali sababu yake huwa ya kawaida kabisa. Katika kompyuta ya nyumbani programu huendeshwa kwa nakala moja, ambayo ndiyo hujibu maombi yote. Ikishapelekwa kwenye seva ya umma, aghalabu huendeshwa kwa nakala kadhaa zinazogawana maombi, kila moja ikiwa na kumbukumbu yake. Mwanagenzi aliyeweka ujumbe wa watumiaji katika orodha iliyomo ndani ya programu, badala ya kuuweka katika hifadhidata, hushangaa kuona ujumbe uliopokewa na nakala ya kwanza ukiulizwa kwa nakala ya pili, ambayo orodha yake ni tupu na ambayo, kwa unyofu wote, huanguka. Akipakia ukurasa upya, ombi huangukia nakala ya kwanza, ujumbe huonekana, naye husema tatizo limekwisha.

Kosa hili pia ni mwalimu wa hesabu asiyedai ada. Anayetaka ukurasa uonyeshe methali moja kati ya kumi kwa bahati nasibu, akatumia amri ya randint kuanzia sifuri hadi urefu wa orodha, hajui kwamba amri hiyo hujumuisha ncha zote mbili; bahati nasibu hiyo ina namba 11 kwa methali kumi, na kwa wastani ombi moja katika kila 11 hugonga ukuta. Tena ni mtetezi wa waliosahauliwa: fomu inayoligawa jina kamili penye nafasi na kuchukua kipande cha pili huwapokea wote vizuri, mpaka aje mtu aliyeandika jina moja tu, na hapo kosa husimama kumtetea.

Ukweli wake, hata hivyo, ndio unaolitofautisha na jamaa zake wapole. Katika lugha ya C, kusoma nje ya mpaka kunaweza kumpa mtu takataka za kumbukumbu bila onyo lolote, na katika Python yenyewe nafasi ya -1 hutoa kitu cha mwisho cha orodha, kwa hiyo hesabu iliyokosewa kwa upande wa chini humpa mtumiaji jibu lisilo lake huku kila mmoja akiridhika. Kosa la fahirisi halina unafiki huo, kwani hutaja jina la faili na namba ya mstari, na tangu toleo la 3.11 la mwaka 2022 Python huonyesha hata sehemu ya mstari iliyohusika.

Wapo wanaolilipa wema huu kwa kuliziba mdomo, wakizungushia mstari husika amri ya kupuuza kila hitilafu, na hao wanastahili kurasa tupu wanazozipata. Mwanagenzi mwenye adabu na aandike katika kumbukumbu za seva urefu wa orodha, namba iliyoombwa na nakala iliyojibu, kisha asubiri kosa lirudi.