Kila Kitu Kinavuka Ziwa Isipokuwa Cheti Changu

Ziwa Tanganyika lina ubaguzi, na leo nitausema. Nenda ufukweni hapa Baraka, upande wa Congo, boti la mizigo likiingia kutoka Kigoma, Tanzania, uone vinavyoshuka: sabuni, mafuta ya kula, betri, paneli za sola, makoili ya waya, balbu ambazo hata huko kiwandani sidhani kama kuna mtu angezikubali. Hakuna anayeiuliza betri ilisomea wapi. Balbu imeandikwa wati 100, ukiiwasha huoni hata samaki aliyemo kwenye sahani yako, nayo inapita kichwa juu. Akishuka fundi anayejua kuifunga, hapo ndipo sheria inaamka: "Fundi, makaratasi yako?"

Makaratasi ninayo. Nilisomea umeme wa majumbani kwenye chuo cha ufundi cha VETA, Kigoma, miaka ile vita vilipotutawanya watu wa Fizi ng'ambo ya ziwa. Meli za kuwarudisha wakimbizi zilipoanza kutia nanga Baraka mwaka 2005, watu walirudi na mabati, magodoro na watoto waliozaliwa kambini. Baadaye nami nikarudi, na cheti kimetiwa plastiki kisilowe. Hakikulowa. Laiti kingelowa, ningekuwa na kisingizio.

Nilikipeleka kwenye ofisi moja ambayo siitaji, maana nina watoto wa kusomesha. Karani alikigeuza mbele, akakigeuza nyuma. Cheti kimeandikwa Kiingereza, karani amesoma kwa Kifaransa, mimi na yeye tunaongea Kiswahili, na tukikasirika tunahamia Kibembe.

"Hiki ni cha Tanzania, papa," akasema. "Hapa tunataka breve ya Congo. Ama utafute ekivalansi Kinshasa."

Kinshasa! Kigoma iko yapata kilomita 100 kutoka hapa. Kinshasa ni zaidi ya 1,500, tena hizo ni za ndege, si za mwenye miguu. Walionifundisha naweza kuwafikia kwa boti, nikawasalimia na kula nao. Wa kuthibitisha kwamba nilifundishwa wanakaa upande wa pili wa nchi nzima. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini mimi kuku nilitagwa hapa hapa!

Karani akanionea huruma, akapunguza sauti. Shefu anaweza kunipa ruhusa ya muda. Ruhusa ya muda ina bei, haina mtihani. Nikamuuliza kama nikishalipa nitakuwa naujua umeme kuliko sasa hivi. Akaniambia nisilete siasa ofisini. Mkono mtupu haulambwi, nami si mtu wa kubishana na methali: nikalipa, nikapewa kitansi. Tangu siku hiyo mimi ni fundi halali hadi mwisho wa mwaka. Ikifika Januari nasahau kila kitu nilichosoma, mpaka nilipe tena ndipo akili inarudi.

Wasomi wa mtaani wananituliza: vumilia fundi, siku hizi tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli, Congo iliingia mwaka 2022. Na Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kazi Julai 2010, ina kifungu cha 11 kinachozitaka nchi zitambuliane vyeti. Nilifurahi, mpaka nilipouliza ni nani hao waliokwisha kutambuliana. Wahasibu na wasanifu majengo walipata makubaliano yao 2011, wahandisi 2012, madaktari wa mifugo nao wakapata ya kwao. Yaani ng'ombe akiugua, kuna mkataba. Mwenye ng'ombe akipigwa shoti, ni bahati yake mbaya. Anayechora nyumba anavuka mpaka na mchoro wake, na anayepanda ngazi kuutia huo mchoro umeme anabaki forodhani na koleo lake mkononi.

Umeme wenyewe hauna mambo haya. Bwawa la Ruzizi II linagawia umeme Congo, Rwanda na Burundi tangu 1989, na sijasikia kwamba siku serikali ziliporushiana maneno redioni umeme ulisimama mpakani kusubiri muhuri.

Msinielewe vibaya. Leseni naitaka. Tanzania, mamlaka ya nishati, EWURA, imewagawa mafundi kwa madaraja ya herufi, na wa daraja la chini hagusi kazi ya mkubwa. Kenya nao, kwa mamlaka yao EPRA, unaanzia C2 na ukikaza mwendo unapanda hadi A1. Hata sisi tuna sheria ya umeme ya Juni 2014, iliyovunja ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na kuzaa mamlaka ya kudhibiti umeme. Makao yake? Kinshasa, bila shaka. Huku kwetu, ambako umeme wa SNEL haujateremka kutoka Uvira, kila mwenye sola na jenereta ana shirika lake la umeme chini ya kitanda. Anayelifunga shirika hilo inafaa awe amepimwa na mtu.

Njoo uone kwa nini nasema hivyo. Juzi juzi niliitwa kwa mama mmoja mfanyabiashara wa ndagala. Nyumba yake ilifungwa waya na mafundi wawili: sebuleni alifunga aliyejifunza Kigoma kwa desturi ya zamani ya Kiingereza, jikoni akafunga aliyesoma kwa kitabu cha Kifaransa. Kwa yule wa kwanza, waya mwekundu ndio wenye moto na mweusi ni nyutro. Kwa wa pili, nyutro ni bluu, na mweusi unaweza kuwa ndio wenye moto. Sasa fungua kisanduku cha maungio pale mlango wa jikoni, ambapo Uingereza na Ubelgiji zinakutana. Weusi wawili, wamelala bega kwa bega, wamefungwa utepe mmoja. Mmoja hauna neno. Mwingine ukiushika unawasalimia mababu.

Ukutani hali ni ile ile. Prizi ya Kigoma ina matundu matatu ya mstatili, plagi ya Congo ina miguu miwili ya mviringo. Mama alikuwa na ufumbuzi: anachomeka kifuniko cha biki kwenye tundu la juu, la waya wa ardhi, vilango vya chini vinafunguka, anasukuma plagi kwa nguvu. "Mbona inawaka, fundi?" akaniuliza. Inawaka, mama. Hata nyumba huwaka.

Hakuna afisa aliyewahi kukifungua kile kisanduku. Walifika, nilionyeshwa vitansi vyao, vimebanwa vizuri msumarini, kimoja cha jenereta na kimoja cha sijui nini. Walihesabu mashine, wakaandika, wakaenda.

Nikampigia ndugu yangu aliyepelekwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikitarajia anicheke. Akaanza kulia yeye. Kumbe huko nako kila jimbo lina mambo yake. Texas wanakutaka saa 8,000 za kazi chini ya fundi mkuu, na mtihani juu yake, ndipo uwe fundi kamili. Illinois, jimbo halina leseni ya fundi umeme kabisa, ni kila mji na utaratibu wake, na Chicago wanadai waya upite ndani ya bomba hata kwenye nyumba ya kuishi. Nchi moja, rais mmoja, dola moja, na fundi akihama jimbo anaweza kujikuta mwanafunzi tena. Lakini kuna kitu alisema ambacho kiliniuma. Kule kazi ikiisha anakuja mkaguzi, anafungua visanduku, anaangalia. Akikataa, unarudia. Nilimwambia huo ndio usumbufu ninaoutaka.

Sasa sikieni ya mwisho. Yule shefu wa ruhusa ya muda, inveta yake ililala usiku wa mpira. Alinipigia simu mwenyewe, ananiita mwanangu. Nikaenda, nikabadilisha fyuzi, nikazifunga upya nyaya zilizokuwa zimelegea kwenye betri, picha ikarudi. Akanisifu mbele ya wageni: huyu kijana amesoma Tanzania, wale wanajua kazi. Nikaona hapo hapo mlango umefunguka. "Basi shefu, kesho nikuletee kile cheti?" Akaniambia taratibu, macho kwenye mpira: "Mambo ya ofisini tuyaache ofisini."

Sawa, tuyaache. Ila Januari inakuja, na watatumwa watu kudai kibali kipya. Sitabisha hodi Kinshasa wala sitagomba na mtu. Nina sharti dogo tu: anayekuja aje na testa mfukoni, nimpeleke kwa yule mama, nimfungulie kisanduku, anionyeshe ni mweusi upi wenye moto. Akiupata, namlipa na ya fanta juu. Asipoupata, anilipe yeye, maana siku hiyo mwalimu atakuwa mimi.