Mvua Inayonipita Bunju

Mawingu ya Bahari ya Hindi yana dharau. Yanatoka baharini yamejaa, yanapita juu ya bati langu hapa Bunju taratibu, mke wangu anakimbilia kuanua nguo, mimi natega ndoo, kisha hayaachi hata tone. Yanaelekea milima ya Uluguru, kule Morogoro.

Nimefuatilia, na kisa chenyewe kinaudhi zaidi. Kusi ikivuma, inasukuma hewa yenye unyevu kuja nchi kavu. Huku kwetu tambarare haikuti wa kuizuia. Ikifika Uluguru inakutana na milima inayozidi mita 2,600, inalazimika kupanda, inapoa, mvuke unageuka mvua. Ndiyo maana misitu ya mashariki ya milima ile hupata hata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, ilhali sisi wa Dar es Salaam tunagawana kama 1,100.

Na hizo 1,100 haziji kistaarabu. Ukanda wa mvua hufuata jua: likishuka kusini tunapata vuli, likirudi kaskazini tunapata masika. Vuli ina masharti yake. Bahari ya upande wetu ikipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, kama mwaka 1997 na 2019, tunaogelea barabarani; ikipoa, tunatazamana na vumbi. Masika ndiyo haina mjadala. Inangoja alfajiri, nimeshapiga viatu rangi, bodaboda wote wamejibanza kibandani kwa muuza chapati, na anayekubali kutoka anataka nauli mara mbili.

Ila kinachoniuma hasa ni biashara inayofuata. Msitu wa Uluguru unayapokea yale maji, unayahifadhi kwenye udongo wake, unayaachia kidogokidogo hadi kiangazi. Yanakuwa Mto Ruvu, yanachujwa, yanaingizwa kwenye bomba, yanarudi Bunju. Kwa hiyo mvua iliyopita bure juu ya kichwa changu naletewa bili yake mwisho wa mwezi. Nahisi na nauli ya kwenda Morogoro na kurudi imo humo.

Jirani yangu, mzee wa busara, kanishauri nipande miti nivute mvua. Nikamwambia, "Mzee wangu, Bunju hatujakosa miti, tumekosa mlima, na miche ya milima haiuzwi." Mke wangu hakusubiri tumalize ubishi; kapanda mwembe. Tunaumwagilia maji ya Ruvu kila jioni, mita inazunguka.