Mama Yuko Wapi?

Jumatatu saa kumi na moja jioni, kijana wa bodaboda aliingia jikoni kwangu mbio, rungu mkononi, akauliza, "Mama yuko wapi?" Wapwa zangu wakanielekezea vidole. Nilikuwa chini ya meza, nimevaa aprini ya maua, mchuzi wa maharagwe ukinidondoka sikioni.

Neno hilo linahitaji maelezo, maana limeniharibia wiki nzima. Kwa Kikipsigis, "mama" ni mjomba. Ndugu wa kiume wa mamako ndiye unayemwita mama, na aliyekuzaa ana neno lake lingine. Ni heshima kubwa, mradi wanaokusikia wawe wenyeji. Kijana yule ametoka Kakamega, ana miezi miwili tu hapa Chepseon, Kericho, na katika makelele yote yaliyotoka dirishani kwangu aliambulia neno moja. Alidhani kuna mama anauawa. Aliposhuhudia mama mwenyewe ana ndevu, alishusha rungu polepole, akatazama dari, akaniambia, "Pole, mama," akatoka.

Sasa stejini kwao wote wananiita hivyo. Jana nikipita na gunia langu kwenda kupima majani ya chai, mmoja alipaza sauti kutoka juu ya pikipiki: "Mama, leo tunakula nini?" Karani wa mizani alicheka hadi nikaogopa ataandika kilo pungufu.

Yote yalianza kwa simu ya dada yangu kutoka Mombasa. Kijana wake mkubwa anaingia chuo Nakuru Septemba, atakaa kwenye bedsita peke yake, na hajui kuchemsha hata maji. "Atakufa njaa," alisema. "Na mdogo wake naye anamfuata. Wako hapo kwenu miaka yote, wafundishe likizo hii." Nikakubali upesi, kama mtu anayekubali kuwa mweka hazina wa harambee kabla ya kuuliza fedha ziko wapi. Nikachora ratiba kwa rula na kalamu ya rangi mbili. Wanafunzi: wavulana wawili, wa miaka kumi na minane na kumi na mitano. Dada yao wa miaka kumi na mitatu nilimwandika chini kabisa, "msaidizi".

Upinzani ulianza kabla ya kengele. "Mama," mkubwa alisema, mikono nyuma kama mzee wa baraza, "mtu akishatoka menjo anaingiaje tena jikoni?" Menjo ni kile kibanda wanachotengwa vijana wetu wakati wa jando, na huyu alitoka humo miaka mitatu iliyopita akiwa na maoni mengi. Nikamjibu kwamba Nakuru hakuna menjo, kuna njaa. Nilijiona nimesema neno zito.

Somo la kwanza likawa maharagwe, kwa sababu ni rahisi kwa mfuko na kwa sababu nilitaka kuwaonyesha sayansi. Hapa naomba mnivumilie, kwani jambo lenyewe linanifurahisha mpaka leo, hata baada ya yaliyonipata.

Mkipika maharagwe Mombasa, yanaiva mkiwa bado mnazungumza. Hapa Chepseon unayatia motoni baada ya chakula cha mchana, na jua likizama yanakutazama kama changarawe. Watu hulaumu kuni, hulaumu mbegu, hulaumu mkono wa aliyepika. Mwenye makosa ni hewa. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kushindana na hewa inayoyakandamiza kutoka juu. Pwani hewa ni nzito, kwa hiyo maji hayachemki mpaka yafike nyuzi 100. Sisi tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na kwa kila mita 300 hivi unazopanda, maji huchemka nyuzi moja mapema. Yetu yanatokota kwenye nyuzi 93 hivi. Na yakishatokota, ndiyo basi! Ongeza kuni, puliza mpaka macho yawe mekundu, weka gogo zima: maji yatakauka haraka, lakini hayatapata moto hata kidogo zaidi ya pale. Bibi zetu walipambana na ukuta huo maisha yao yote, na sisi tukawaambia hawajui kupika.

Dawa yake ni sufuria ya presha. Unafunga mvuke ndani kwa kifuniko chenye mpira, kisha juu ya tundu dogo unaweka kizito. Mvuke ukikosa pa kutokea unayakandamiza maji yenyewe, yanapita nyuzi 115, na maharagwe yanasalimu amri chini ya saa moja. Mvuke ukizidi unainua kile kizito na kutoroka kidogo: ndiyo ile miluzi. Aliyeibuni ni Mfaransa, Denis Papin, akiwa London mwaka 1679, na kwa kuwa hakuwa mjinga aliiwekea vali ya usalama. Mwaka 1682 aliwapikia chakula cha jioni wanachama wa Royal Society, mabwana wenye nywele za bandia, wakala mifupa iliyolainika kama jibini. Hakuna aliyemwita mama.

Haya yote niliyaeleza nikiwa nimesimama mbele ya meko, kijiko cha ugali mkononi, wavulana wakiandika kwenye daftari. Nilipofika kwa Papin nilikuwa nimeshatia maharagwe makavu theluthi mbili za sufuria, nikajazia maji mpaka kifuniko kikaelea.

"Mama," msaidizi akasema kutoka mlangoni, "hayo hukuyaloweka."

Nikamwambia sufuria ya presha haihitaji kulowekwa kitu, ndiyo maana ya teknolojia.

"Na umejaza sana."

"Ngoja somo liishe, utauliza maswali."

Kwa faida ya wasiojua, kama nilivyokuwa sijui: harage kavu likinywa maji huvimba karibu mara mbili. Juu ya hilo hutoa povu, na povu hubeba maganda. Ndiyo maana wenye kujua hawapitishi nusu ya sufuria. Mimi nilikuwa nimepika ujazo wa mazishi ndani ya chombo cha watu sita.

Miluzi ikaanza vizuri. Mmoja, wa pili, wa tatu. Tukahesabu pamoja kama watu wa darasa la chekechea. Baada ya wa tano, kimya. Mdogo akauliza kwa nini imenyamaza. Nikamweleza kwa utulivu wa mtu mwenye shahada kwamba presha imejisawazisha. Mkubwa akaandika, nimeiona daftarini kwa mwandiko wake mzuri: *Ikinyamaza = iko sawa.*

Ilikuwa imenyamaza kwa sababu ganda la harage lilikuwa limeziba tundu. Hizi sufuria, nashukuru, zina kizibo kidogo cha mpira kwenye kifuniko, ambacho kazi yake ni kushindwa kabla ya sufuria yenyewe. Kikashindwa. Kilitoka na mlio nisioweza kuuandika, na nyuma yake, kupitia tundu la ukubwa wa kifungo cha shati, maharagwe yote yaliyokuwa karibu yakafuata. Harage likipita kwenye tundu la namna hiyo halibaki harage. Linakuwa rangi. Dari niliyoipaka nyeupe mwezi wa Aprili ikapata wingu la kahawia lenye miale pande zote, mfano wa jua analochora mtoto.

Mkubwa, aliyetoka menjo, alikuwa nje kabla ya mlio kuisha. Mdogo alibaki dirishani akiita "mama" kwa sauti iliyofika stejini. Mimi nilishika nafasi yangu chini ya meza. Msichana alipita kando ya ukuta, ameinama, kitambaa cha mkono kichwani, akanyoosha mkono akazima meko. Akasubiri mvuke uishe. Akasema, "Mama, unaweza kutoka." Wakati huohuo ndipo bodaboda alipoingia.

Ratiba iliendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshaipaka rangi. Jumanne ilikuwa pasi: suruali ya chuo ina alama ya pasi kwenye goti la kulia, nadhifu kabisa. Kushona kifungo kulikwenda vizuri, isipokuwa shati lilishonwa pamoja na suruali aliyokuwa amevaa mshonaji. Jumatano ilikuwa chai. Mdogo, ambaye amechuma majani tangu akiwa na miaka sita na anajua majani mawili na chipukizi kuliko anavyojua sala, alitoka shambani na kiganja cha majani mabichi akayatumbukiza kwenye maziwa. Nchi inayouza chai nyeusi nje kuliko zote duniani, na huyu ni mtoto wake. Jiko la makaa nililifundisha kwa dakika tano bila utani wowote: usilale nalo chumba kimefungwa, hata baridi ikuume namna gani, maana hewa yake inayoua haina harufu. Hilo peke yake ndilo ninaloweza kuapa kwamba wamelishika.

Jumatano usiku, tukiwa tunakwangua ukuta, nilimuuliza msichana ni nani aliyemfundisha habari za kuloweka na kutojaza.

"Hakuna."

"Sasa ulijuaje?"

"Sikufundishwa, mama. Nilikuwa natumwa."

Akaendelea kukwangua. Mimi nilisimama na kisu changu. Simu ya Mombasa ilipigwa kwa ajili ya mvulana wa miaka kumi na minane asije akafa njaa. Kwa ajili ya huyu hakuna aliyepiga simu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuogopa kwamba atalala njaa. Wote tuliogopa sisi tutalala njaa akichelewa kurudi. Tangu ana miaka minane akitoka shule anaweka begi anachukua kuni, kaka zake wanaweka begi wanachukua mpira. Yuko gredi ya nane, na kazi ya nyumbani ya mwalimu anaifanya saa tatu usiku, vyombo vikishakauka. Tunamsifu ana mikono myepesi. Nani asingekuwa nayo? Kaka zake wakijifunza kuosha sufuria tunaita kozi, tunachora ratiba kwa rula.

Mimi mwenyewe nilisoma Sayansi Kimu chini ya 8-4-4, mfumo wa elimu ulioanza mwaka 1985 kwa ahadi kwamba kila mtoto, wa kiume na wa kike, atatoka na ujuzi mikononi. Nilichora jiko zuri sana. Niliorodhesha njia tano za kuhifadhi chakula, nikapata alama zote. Siku ya kupika wasichana walipika, wavulana tukateka maji na kuonja. Mwalimu hakuona ajabu, na sisi hatukuona ajabu. Na tusisingizie mila hapa, kwa sababu hoteli zote ninamokula Kericho mjini, mpishi ni mwanamume, tena mmoja wao tulikuwa naye menjo moja. Jikoni ni mahali pa wanawake mpaka mshahara uanze kulipwa humo.

Alhamisi asubuhi niliibandua ratiba. Msichana akaniomba kalamu, akaandika nyingine nyuma ya karatasi ileile, bila rula. Ina mistari miwili. Wavulana wanapika, wanaosha na kuleta kuni mpaka shule zifunguliwe. Mama anapaka dari. Jina lake halimo popote.

Leo ni Ijumaa, saa tisa alasiri. Maharagwe yamelowekwa tangu jana, wavulana wanabishana nje kuhusu nusu ya sufuria ni wapi, mimi niko juu ya meza na brashi. Yeye amelala. Ninaomba vijana wa stejini mkipita hapa kwangu msipige honi.