Sifa za Gavana wa Injini Ndogo

Ubavuni mwa injini ndogo ya petroli, pale ambapo moshi, oili na vumbi la njia hukutana wakafanya ukoo mmoja, upo mkono wa bati wenye urefu wa kiganja, uliokazwa kwa nati moja ya spana namba kumi, ukivutwa upande mmoja na springi na upande wa pili na kijiti cha waya kiendacho kwenye kabureta. Mafundi wetu wa Mombasa humwita gavana. Kiumbe huyu hana sura ya kupendeza wala nguvu ya kuzungusha hata gurudumu la saa, na katika muda wote nilioshughulika naye hajanipa ila kucha nyeusi na ulimi mchafu. Na kwa sababu hizo hizo, baada ya tafakuri ndefu, nimeona ni wajibu wangu kumwandikia sifa, maana wengi wanaosifiwa katika nchi hii husifiwa kwa sababu dhaifu kuliko hizo.

Aliyetujulisha ni mpwa wangu, kijana mwenye akili nyingi na likizo ndefu, ambaye aliing'oa injini ya pampu yangu ya maji akaifunga kwenye fremu ya mabomba na magurudumu madogo, akapata kipikipiki cha namna ile ambayo Wamarekani wa miaka ya 1960 walikuwa wakiwaundia vijana wao kwa injini za mashine za kukatia nyasi. "Mjomba," aliniambia, "imebaki kuunga waya wa mafuta tu, halafu naondoka." Likizo ikaisha hajaondoka.

Fadhila ya kwanza ya gavana, iliyo mama wa fadhila zote, ni kwamba hatii amri. Katika pikipiki za kawaida mpanda huvuta mafuta, koo la kabureta likafunguka, na injini ikala kadiri mkono ulivyopenda. Huo ni utawala wa jeuri. Kwa gavana mambo huenda kwa mashauri. Mkono wa mpanda hauna ruhusa ya kukigusa kibati kinachofungua na kufunga koo lile. Ruhusa yake ni kuivuta springi peke yake, na mvuto wa springi si amri bali ni ombi, linalopelekwa kwa unyenyekevu mbele ya mkono wa bati. Mkono huo hulipokea, lakini hauthubutu kukata shauri kabla ya kupata habari za ndani, kwa kuwa mguu wake umepenya ukuta wa injini ukaingia katika giza la oili, ambako vipande viwili vya chuma vimekaa juu ya gia inayozungushwa na krankshafti. Vipande hivyo ndio makadhi. Injini ikienda taratibu, makadhi huinamisha vichwa wakasinzia, na ombi la springi likapita bila ya kupingwa. Injini ikizidi kasi, makadhi hutanuka kwa nguvu ya mzunguko, wakasukuma kikombe kidogo, kikombe kikausukuma mguu, mguu ukaugeuza mkono, na mkono ukalibana koo la kabureta, hata kama mpanda amevuta mafuta mpaka mishipa ya shingo imemsimama. Baraza hilo halina mapumziko ya adhuhuri wala ya Idi. Halimwulizi mwenye haja kabila lake wala amekuja na barua ya nani. Hukumu yake hutoka kabla mlalamikaji hajamaliza kulalamika, na ikishatoka kesi huanza upya papo hapo, kwa kuwa kasi imekwisha badilika. Kasoro niliyoiona kwa makadhi hao ni kuwa hawafanyi kazi pasipo kunyweshwa, na hata hiyo si kasoro, kwa maana wao hunywa oili kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni, nusu lita na ziada kidogo, na hawaagizi nyingine kwa mlango wa nyuma.

Nasaba yake nayo ni tukufu. James Watt alipomfunga babu yake kwenye mashine ya mvuke mwaka 1788, makadhi walikuwa mipira miwili mizito iliyozunguka hadharani, kila mpita njia akaiona haki ikitendeka. Na kabla ya hapo wasaga nafaka wa Ulaya walikuwa wakimtumia katika vinu vya upepo. Mwaka 1868 mwanachuoni James Clerk Maxwell alimwandikia risala nzima, iliyochapwa na Royal Society ya London, akaeleza kwa hesabu kwa nini gavana mmoja hutulia na mwingine huyumba. Kuhusu fadhila zake ndogo sitarefusha: hufunza subira, huwakusanya majirani, na humwongezea mtoto maneno ambayo shule haimfundishi.

Namna ya kumtawaza ni nyepesi mno katika karatasi. Legeza nati, usukume mkono mpaka koo la kabureta liwe wazi kabisa, ushike kwa koleo ncha ya ule mguu unaotoka ndani, uuzungushe upande ule ule mpaka ukatae, kisha, bila ya kuachia hiki wala kile, kaza nati. Kazi hiyo inadai mikono mitatu, na wa nne wa kushika taa. Ukimaliza, yupo bado mdogo wao, springi nyembamba inayojiviringisha juu ya kijiti cha waya ili kisichezecheze katika matundu yake. Anapokosekana huyo, injini hupanda ikashuka, ikapanda ikashuka, kana kwamba inalia na kujutia kilio chake. Ingawa tundu dogo la kabureta likiziba takataka nalo huleta kilio hicho hicho, ili mtu asije akajua mapema amlaumu nani.

Hapo ndipo mtu huenda duka la vipuri. Maxwell alilikabili jambo hili kwa hesabu, mwuza duka hulikabili kwa kutia mkono katika kopo la maziwa ya unga lililojaa springi za kila umbo, akatoa ya juu na kusema, "Chukua hii, Mzee, zote ni moja." Si moja! Springi nene ikikaa mahali pa nyembamba, makadhi hawaiwezi, na injini kama Honda GX160, ambayo yangu ni mwigo wake, injini iliyopangiwa kuishia karibu na mizunguko 3,900 kwa dakika ikiwa haina mzigo, itapita hapo wala haitaaga. Ingekuwa zote ni moja, angeziuza kwa kilo. Naomba radhi, nilikuwa nikisifu.

Na fundi wa jirani, mtu wa ihsani kwa kila mtu isipokuwa injini, alinipa nasaha bila malipo: "Mzee wangu, huyo gavana hana kazi, mfunge kwa waya wa kufungia nondo." Kweli injini iliyofungiwa gavana wake hufurahi sana, kwa muda. Konrodi yake ni ya aluminiamu, na flaiwili yake ni ya chuma cha kumimina. Kasi ikivuka kiasi, konrodi hukatika ikatafuta njia kupitia ukuta wa injini, na flaiwili ikipasuka haichagui goti la nani. Nilipomweleza hayo alicheka, akaniuliza mbona magari yote ya njia kuu yamefungwa waya na yanafika.

Swali hilo sikulipenda, kwa kuwa ni la mtu anayejua alisemalo. Februari 2004, chini ya waziri John Michuki, kila matatu ya Kenya ililazimishwa kuwa na gavana wa kuizuia isizidi kilomita 80 kwa saa, na abiria wakafungwa mikanda. Mimi nilidhani tumestaarabika. Kumbe tulikuwa tumejifunza ufundi mpya: gavana huunganishwa asubuhi ya ukaguzi, cheti kikapigwa muhuri, na adhuhuri akafunguliwa apumzike mpaka mwaka ujao. Mkaguzi hutazama karatasi, karatasi haijapata kuendesha gari, na kila mtu akarudi kwake na kilichomleta. Wala tusimtwishe dereva dhambi zote. Gari likienda kwa kilomita 80 ni sisi abiria, tuliofungwa mikanda na tuliomwacha mama mgonjwa nyumbani, tunaopiga bodi kwa kofi na kuuliza kama tumepanda mkokoteni.

Na hao ni watu wa barabarani, wasio na ofisi. Wenye ofisi hawamng'oi gavana, kwa kuwa tundu tupu huonekana. Humwacha mahali pake, na cheo chake, na bajeti yake, wakamfunga kwa waya upande usiotazamwa na wageni: mkaguzi wa hesabu huandika, ripoti hupokelewa kwa taadhima, tume huundwa kuichunguza ripoti, na koo la kabureta ya umma likabaki wazi usiku na mchana. Konrodi ikitoka ubavuni huambiwa wananchi kuwa ilikuwa kadari.

Kipikipiki cha mpwa wangu sasa kinakwenda katika njia za shamba kwa mwendo usiomfurahisha. "Mjomba," analalamika, "hata baiskeli ya mwuza mkate inanikaribia." Ni kweli inamkaribia. Nami nimekwisha ipaka nati ile rangi nyekundu, nusu juu ya nati na nusu juu ya mkono wa bati, ili ikigeuzwa kidogo tu mstari ukatike. Na nimemjulisha kijana kuwa mkaguzi wa nyumba hii hatoi vyeti, wala haji kwa miadi.